Baragumu Hulia Kabla ya Mvua

Somo: Walawi 23:23-25, Walawi 25:8-17, Luka 4:16-21

Nawasalimu ninyi wa Mwingi na Kyuso, wa Kitui mjini na Mutomo. Nawasalimu ninyi wa Wote, Mbooni, Nzaui na Kibwezi. Nakusalimu na wewe uliyetundika redio yako juu ya tawi la mti huku ukisafisha shamba, ukingojea mvua ya vuli. Neno la leo ni lako hasa.

Waswahili wa pwani husema kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mbiu ni pembe. Zamani mtu aliyetumwa kutangaza habari alizunguka mjini akiipiga, na watu wakatoka nyumbani mwao. Hawakutoka ili waisifu pembe. Walitoka ili walisikie jambo lenyewe. Na huku kwetu Ukambani, mahali pengi kengele ya shule au ya kanisa ni kipande cha chuma, au rimu kuukuu ya gari, iliyoning'inizwa mtini. Ikigongwa, watoto hukimbia. Hakuna anayedhani kwamba chuma kile kina nguvu ndani yake. Nguvu ni ya yule anayeita.

Nimeanza na hayo kwa sababu ya swali ambalo Wakristo wengi wanajiuliza. Siku hizi katika mikutano mingine ya maombi hupigwa pembe ya kondoo dume, kama walivyofanya Waisraeli. Wako wanaofundisha kwamba Mkristo hana budi kuzishika sikukuu za Wayahudi. Wako hata wanaosema kwamba pembe ile ikipigwa nyumbani kwako, mikosi yote itakimbia. Je, tuseme nini? Tufungue Biblia zetu.

Biblia yetu ya Kiswahili hutumia maneno matatu. Iko tarumbeta, iko baragumu, iko parapanda. Katika Hesabu sura ya 10, Musa aliagizwa kutengeneza tarumbeta mbili za fedha. Ikipigwa moja, wakuu walikusanyika. Zikipigwa zote mbili, mkutano wote ulikuja. Zilipigwa pia wakati wa kuondoka kambini, wakati wa vita, na siku za furaha. Baragumu nayo ilikuwa pembe ya mnyama, hasa ya kondoo dume. Hiyo ndiyo waliyoipiga makuhani saba walipoizunguka Yeriko. Na parapanda ndilo neno tunalolisoma katika barua za Paulo, anapotueleza habari za siku ya mwisho.

Wayahudi wanaipiga pembe hiyo hata leo. Si lazima uende Yerusalemu kuisikia. Hapa Kenya, jamaa ya Wayahudi ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1904, na sinagogi lao liko karibu na Chuo Kikuu. Mwaka wao mpya unapofika, mwezi wa Septemba au mapema Oktoba, pembe hupigwa, na kwa desturi huhesabiwa sauti 100. Iko sauti moja ndefu. Iko iliyokatika mara tatu kama mtu anayepiga kite. Iko ya vipande vifupi vifupi kama mtu anayelia kwa kwikwi. Nao hukumbuka habari ya Mwanzo sura ya 22, jinsi Ibrahimu alivyomwona kondoo dume amenaswa kwa pembe zake kichakani, akamtoa badala ya mwanawe. Tuwaheshimu watu hao, maana kwa mikono yao tuliyapokea Maandiko.

Basi tuziangalie sikukuu zenyewe. Walawi sura ya 23 inazipanga kwa miezi. Mwezi wa kwanza ni Pasaka, na mkate usiotiwa chachu, na mganda wa malimbuko. Siku 50 baadaye ni Pentekoste. Kisha mwezi wa saba zinakuja tatu: siku ya kwanza, baragumu, siku ya kumi, upatanisho, siku ya kumi na tano, vibanda. Sasa tazama. Bwana wetu alikufa wakati wa Pasaka. Alifufuka, naye Paulo anamwita limbuko lao waliolala. Roho Mtakatifu alishuka siku ya Pentekoste. Kwa hiyo Paulo anawaambia Wakolosai, katika sura ya 2, kwamba sikukuu hizo zilikuwa kivuli, na mwili wenyewe ni Kristo. Mtu akimwona baba yake anakuja njiani, kivuli kikimtangulia, hakikumbatii kivuli. Humkumbatia baba.

Jibu la swali letu basi ni hili. Mkristo hakulazimishwa kuzishika sikukuu hizo, wala pembe haina uganga. Usiuze mbuzi wako ili ununue pembe. Lakini ndugu yangu, usifurahi upesi ukadhani mambo yamekwisha. Pembe hailazimu, lakini jambo lililotangazwa na pembe linatulazimu sana.

Ni jambo gani? Angalia majira yake. Katika nchi ya Israeli mvua ya kwanza huanza karibu na Oktoba na Novemba, baada ya kiangazi kirefu. Ndiyo miezi ambayo sisi wa Kitui na Makueni tunaingojea mvua ya vuli, ile tunayoitegemea kuliko ya masika. Kwa hiyo baragumu yao ililia wakati kama huu wetu: ardhi imepasuka, ghala ni tupu, na kila mtu anatazama mawingu. Ungedhani wangeambiwa, pigeni pembe ili mvua inyeshe. Sivyo. Waliambiwa wapige, wapumzike, wakusanyike, na siku ya kumi watubu dhambi zao. Kwanza mtu na Mungu wake, mbegu baadaye.

Tena iko siku moja kubwa zaidi. Walawi sura ya 25 yasema kwamba kila mwaka wa 50, siku ile ile ya upatanisho, baragumu ipigwe katika nchi yote. Mwaka huo uliitwa yubile, nalo neno hilo lenyewe latokana na pembe ya kondoo dume. Pembe ilipolia, aliyejiuza kwa sababu ya umaskini alirudi kwa jamaa yake akiwa huru. Aliyeliuza shamba la baba yake alirudishiwa. Angalia utaratibu huo vizuri. Asubuhi dhambi zinafunikwa. Kisha inapigwa pembe, na maskini anarudishiwa shamba. Mungu hakutaka watu wapokee msamaha kwake na kuwabana wenzao koo siku hiyo hiyo.

Sasa tuje nyumbani. Sisi watu wa Ukambani tunaijua njaa kwa jina. Wazee wetu waliipa kila moja jina lake. Ile ya mwisho wa karne ya kumi na tisa iliitwa Ngomanisye. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaja Nikw'a Ngwete, maana yake nakufa nami nimeshika: mtu alikuwa na fedha mkononi, na chakula cha kununua hakuna. Na tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022, katika sehemu nyingi za kaskazini na mashariki ya Kenya mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, nasi tukauonja uchungu huo.

Wakati wa njaa, vitu hubadilisha wenyewe. Ng'ombe huuzwa kwa bei ya mbuzi, na mbuzi kwa gorogoro chache za mahindi. Ng'ombe wakiisha, mtu hutazama shamba. Humwendea jirani mwenye duka au mwenye mwana anayefanya kazi Nairobi, akamwambia: Nipe magunia mawili, lima ekari yangu ile ya kando ya mto mpaka nikulipe. Hakuna hati, maneno tu na mashahidi wawili. Mvua inarudi, lakini mtu yule hana nguvu ya kulipa. Mwaka wapita, na wa pili, na wa tatu. Mwenye kukopesha anavuna ndengu, anavuna kunde, anavuna mbaazi. Mwisho wake anapanda miti ya mpaka.

Najua utanijibu kwamba dawa ya deni ni kulipa. Ni kweli, na anayekopa akakataa kulipa hali anavyo, huyo naye anaiba. Lakini usome tena Walawi 25, mstari wa 14 hata wa 16. Mungu anafundisha hesabu. Anasema kwamba mtu anaponunua shamba la mwenzake, kwa kweli hakununua udongo, amenunua mavuno. Miaka ikiwa mingi, bei ipande. Ikiwa michache, bei ishuke. Na mtu asimdhulumu mwenzake. Kinachohesabiwa ni mavuno.

Basi hesabu. Ulitoa magunia mawili. Umevuna mara ngapi katika shamba lile? Toa jasho lako, toa mbegu na gharama ya kulima, kisha tazama kilichobaki. Ikiwa magunia yako mawili yalikwisha kurudi zamani ghalani mwako, je, deni liko wapi? Lililobaki hapo si deni tena. Ni ndugu yako uliyemshika.

Mtu mwingine atasema, yubile ni sheria ya Waisraeli, nasi hatuko chini ya sheria. Hebu twende Nazareti, Luka sura ya 4. Bwana Yesu aliingia katika sinagogi akasoma chuo cha Isaya: habari njema kwa maskini, kufunguliwa kwa wafungwa, mwaka uliokubaliwa na Bwana. Akakifunga chuo, akaketi, akawaambia kwamba andiko hilo limetimia siku hiyo masikioni mwao. Hakuna pembe iliyopigwa pale. Yeye mwenyewe alikuwa ndiyo baragumu. Kwa sheria, maskini alingoja miaka 50. Kwa Kristo, mwaka huo umekwisha kufika.

Nani aliyeisikia? Zakayo, katika Luka 19. Bwana alipoingia nyumbani mwake, hakuwaita watu waimbe tu. Alisimama akatoa nusu ya mali yake kwa maskini, na kila aliyemdhulumu akaahidi kumrudishia mara nne. Hapo Bwana akasema kwamba wokovu umefika katika nyumba ile. Mtu huyu hakuwa na pembe ya kondoo, lakini Yeriko yote ilisikia mlio wake.

Ndugu zangu, sisi tunajua kusaidiana. Tunao mwethya. Watu hukusanyika na majembe wakachimba matuta katika shamba la mjane, au wakajenga bwawa la mchanga mtoni, na hakuna anayedai malipo. Lakini itafaa nini tukichimba matuta ya mjane siku ya Jumanne, na siku ya Jumatano mmoja wetu akalima shamba la marehemu mumewe kwa deni lililokwisha kulipwa na udongo?

Nawasihi, kabla tone la kwanza la vuli halijaanguka, fanya neno moja. Mwite jirani yako. Mkae chini ya mti pamoja na wale mashahidi wawili, na mzee wa kanisa akiwapo. Hesabuni mavuno. Likibaki deni la kweli, patana naye jinsi atakavyolipa bila kuwanyima watoto wake chakula. Lisipobaki, mrudishie shamba apande msimu huu. Nawe uliyekopa, usijifiche. Nenda mwenyewe, useme kweli. Mkiisha kupatana, ombeni. Hiyo ndiyo sikukuu ya baragumu ya Mkristo.

Mwisho, iko parapanda. Paulo anawaambia Wakorintho na Wathesalonike kwamba italia, na waliokufa katika Kristo watafufuliwa. Mwaka 1895 Peter Cameron Scott na wenzake walifika Nzaui kuihubiri Injili. Desemba ya mwaka uliofuata alikufa kwa homa. Muda si mrefu ikaja Ngomanisye, na wengi wa watu wetu wakalala njiani wasizikwe na mtu. Wako wote katika udongo huu huu tunaogombania. Siku ile mwenye nchi atakapoita, hatatuuliza tulikuwa na ekari ngapi. Atatuuliza habari za ndugu yetu. Heri kuisikia baragumu ya neema leo, ili parapanda ya siku ile iwe furaha kwetu.

Na tuombe. Ee Bwana Mungu, mwenye nchi na mwenye mvua, wewe ulitusamehe deni tusiloweza kulipa. Tupe moyo wa kurudisha kisicho chetu. Wape ujasiri wanaodaiwa, na haki wanaodai. Utuletee mvua ya vuli kwa wakati wake, iwakute ndugu wamepatana. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Kwaherini, na Bwana awe nanyi.