Muhuri si Uwakili

(Mazungumzo mbele ya vijana na wazazi baada ya tarawehe)



Wazazi wetu, walimu wetu na vijana wenzangu. Asiye na jamaa ng'ambo ainue mkono. Naona mikono imetulia. Basi maneno haya yanatuhusu sote.

Nina ami yangu yuko Minneapolis, Marekani. Alipofika huko alitafuta mtu wa kumshughulikia makaratasi. Akaona ofisi ina kibao cha notari wa umma. Sasa kwetu Kenya, notari ni wakili, tena aliyefanya kazi hiyo miaka isiyopungua 5 kabla ya kuteuliwa na Jaji Mkuu. Ami akasema alhamdulillah, nimepata wakili mkubwa. Akatoa pesa, hata risiti hakuomba.

Kumbe kule notari kwa kawaida kazi yake ni kushuhudia sahihi na kupiga muhuri. Si lazima awe amesoma sheria. Ndugu zetu kutoka Mexico wamenaswa na mtego huohuo, kwa sababu kwao pia notari ni mwanasheria wa daraja la juu. Ndiyo maana majimbo kama California na Texas yamepiga marufuku notari asiye wakili kujitangaza kwa jina hilo la Kihispania.

Yule bwana alijaza fomu, na penye anwani akaandika yake mwenyewe. Barua ya mahakama ya uhamiaji ikafika kwake, ikaishia hapo. Siku ya kesi ami hakuwepo, na jaji akaamuru arudishwe. Hakuikimbia mahakama, hakujua kama ameitwa.

Ami akaenda kwa wakili wa uhamiaji. Akaambiwa: "Kesi tutaomba ifunguliwe upya, lakini pesa zako zisahau." Akaenda kwa wakili wa haki za wateja. Huyu naye akasema: "Pesa tunaweza kudai, lakini sijui ukishtaki utajiletea balaa gani kwa watu wa uhamiaji." Kila mmoja ana nusu ya dawa, na mgonjwa ni mmoja!

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba mawakili hawa wanahitaji kufundishwa pamoja. Wa uhamiaji ajue kwamba mhamiaji aliyenunua huduma ni mteja, na kila jimbo lina sheria dhidi ya biashara ya udanganyifu. Wa haki za wateja ajue kwamba ombi la hifadhi kwa kawaida lina muda wa mwaka 1 tangu mtu aingie nchini, na kwamba ombi la uongo lililowekwa kwa makusudi laweza kumfungia mtu karibu milango yote daima. Wote wawili wajue kuuliza kwanza: "Nani alikujazia fomu?" Kisha waombe nakala ya faili serikalini, maana mara nyingi mwenyewe hajui kilichoandikwa kwa jina lake. Na wajifunze kumtuliza mtu anayeogopa, kwani tapeli huishi kwa hofu ya mteja wake.

Mwezi wa Juni 2011 serikali ya Marekani ilianzisha kampeni ya nchi nzima dhidi ya ulaghai huu. Ni jambo zuri, lakini kampeni haisimami mbele ya jaji. Na katika mahakama za uhamiaji, kwa kawaida serikali haimlipii mtu wakili.

Nyinyi mnaosomea sheria, someni na mlango huu. Na sisi wengine, tukipiga simu ng'ambo tusiulize pesa peke yake. Tuulize: anayekushughulikia ni wakili mwenye leseni, au mwakilishi wa shirika aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya huko? Risiti unayo? Nakala unayo? Fomu tupu usitie sahihi, hata kama anayekupa anaongea Kiswahili kama cha mama yako.

Ami sasa ana mawakili wawili, na wanazungumza. Ombi la kufungua kesi limeshapelekwa, anasubiri. Muombeeni.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.