Nchi Jirani: Sajini Anapokabidhiwa Jeshi

Mazungumzo yetu ya leo yanavuka Ziwa Tanganyika kwenda Kongo ya mwaka 1960.

Nchi hiyo ilipata uhuru tarehe 30 Juni ikiwa na askari wapatao 25,000 wa Force Publique, chombo kilichofanya kazi ya jeshi na ya polisi kwa pamoja. Maofisa wake, kama 1,000 hivi, walikuwa Wabelgiji watupu. Askari wa Kongo walipigana Ethiopia mwaka 1941 hadi majenerali wa Kiitaliano wakasalimu amri, lakini hakuna hata mmoja wao aliyeruhusiwa kuvaa nyota ya luteni.

Tarehe 5 Julai, Jenerali Janssens aliwakusanya askari akaandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni mamoja. Siku hiyo hiyo uasi ukaanza. Serikali ya Patrice Lumumba ilimwondoa Janssens. Victor Lundula, aliyekuwa sajini meja wakati wa Vita Kuu ya Pili, akafanywa jenerali na mkuu wa jeshi. Joseph Mobutu, sajini aliyeacha jeshi mwaka 1956 akawa mwandishi wa magazeti, akafanywa kanali na mnadhimu mkuu. Makambini askari wakajichagulia maofisa wao wenyewe.

Wakoloni walicheka. Sisi hatuoni cha kuchekesha, maana aliyemfungia mwenzake mlango wa chuo kwa zaidi ya miaka sabini hana haki ya kumdhihaki kwa kutokujua.

Hata hivyo, kazi ilikuwapo na ilimtaka mtu wa kuifanya. Sajini hodari huijua seksheni yake, gwaride lake na bunduki zake. Akikalia kiti cha mkuu wa kikosi, huulizwa mambo mengine kabisa: mishahara italipwa lini, petroli imebaki kiasi gani, kikosi kikihamishwa kitalala wapi na kitakula nini. Tena anaowaamuru ni wale aliokula nao jana, na huko Kongo ndio waliomchagua. Atamtia nani mahabusu? Ofisa wa namna hiyo hutoa amri kama mtu anayeomba, na askari huijua sauti hiyo upesi mno.

Mobutu alikuwa na ujuzi mmoja wa manufaa: alifunzwa ukarani wa jeshi, akajua hesabu za mishahara. Alizunguka makambini akiwatuliza askari, na fedha za kuwalipa, zikiwamo zilizotoka nje, zikapitia mikononi mwake. Tarehe 14 Septemba 1960, miezi miwili tu tangu avishwe cheo, alitangaza redioni kwamba amewasimamisha wanasiasa. Askari aliowalipa wakamfuata.