Kipindi cha Michezo Si Muda wa Kupoteza

Ingieni katika shule yoyote ya msingi mtazame ratiba iliyobandikwa ukutani. Kipindi cha michezo mtakikuta kimeandikwa vizuri kwa wino. Kisha waulizeni watoto kipindi hicho kilifundishwa lini kwa mara ya mwisho. Wengine watatazamana. Wengine watasema kilichukuliwa na Hisabati. Na ikiwa ni darasa la saba, huenda wakawacheka kwa kuuliza swali la namna hiyo.

Kipindi cha Hisabati kikikosa mwalimu kwa wiki mbili, wazazi watamfuata mwalimu mkuu ofisini. Kipindi cha michezo kinaweza kukosa mwalimu mwaka mzima, na mzazi asinyanyue mguu. Ndiyo maana leo napenda tuulizane: mtoto anaponyimwa kipindi hicho, ananyimwa nini hasa?

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Elimu ya michezo si kuwatupia watoto mpira mmoja, wavulana 20 wakaukimbilia na wasichana wakabaki kukaa chini ya mwembe. Ni somo. Mtoto hufundishwa kukimbia, kuruka, kurusha, kudaka na kusimama bila kuyumba. Hufundishwa kufuata kanuni, kungoja zamu yake, kushindwa bila kupigana na kushinda bila kutukana. Mambo hayo hayaji yenyewe kama meno. Yanafundishwa.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 aushughulishe mwili wake kwa wastani wa dakika 60 kila siku, kwa shughuli zinazoyafanya mapigo ya moyo yaende mbio. Mwaka 2019 wataalamu wa shirika hilo walitoa hesabu iliyokusanywa katika nchi 146. Waliona kwamba vijana wanne kati ya watano, wenye umri wa miaka 11 hadi 17, hawafikii kiwango hicho, na kwamba wasichana wako nyuma ya wavulana. Utotoni ndipo mifupa inapojengwa, na mfupa hukomaa kwa kutumiwa. Utotoni ndipo moyo na mapafu yanapozoeshwa kazi. Kisukari na shinikizo la damu tunavyoviona kwa watu wazima mijini huanza kuandaliwa mapema, katika mazoea ya mtoto ya kukaa na kula.

Hapo najua nitaulizwa: je, mtoto wa kijijini naye anahitaji kipindi cha michezo? Mkoani Tanga, katika nchi ya Handeni na Korogwe, kuna mahali panaitwa Masuguru. Nilipofika huko kikazi, mzee mmoja alinijibu hivi: "Mwanangu, watoto wetu mazoezi watayataka ya nini? Wakitoka shule wanakwenda maji, wakitoka maji wanakwenda kuni."

Ni hoja nzito, na anayeijua Handeni hawezi kuibeza. Ukanda ule umeteseka kwa shida ya maji kwa miaka mingi, hata likajengwa bomba kubwa la HTM linaloyatoa maji Mto Pangani, upande wa Korogwe, na kuyapeleka Handeni. Mtoto wa huko hakai bure. Lakini tupime. Dumu la lita 10 lina uzito wa kilo 10, yaani karibu theluthi moja ya uzito wa mtoto wa miaka 10. Akilibeba kichwani kila siku, shingo na mgongo vinafanya kazi ileile, kwa mwendo uleule, iwe amechoka au hakuchoka. Hakuna anayempimia mzigo kwa umri wake, wala anayemwambia apumzike.

Kazi humchosha mtoto, lakini si kila kinachomchosha kinamjenga. Katika kipindi cha michezo mwalimu hupanga: leo tunanyoosha viungo, kesho tunaruka, keshokutwa tunacheza kwa makundi. Mwili wote unatumika, akili inashiriki, na mtoto anacheka. Kicheko hicho nacho ni afya. Mtoto wa Masuguru aliyebeba maji asubuhi anahitaji mchezo, pengine kuliko mwingine yeyote, kwa sababu hapo ndipo anapopata nafasi ya kuwa mtoto. Na kwa msichana, ambaye nyumbani anasubiriwa na vyombo na mdogo wake wa kubeba mgongoni, kipindi hicho cha shule kinaweza kuwa mchezo pekee anaoupata kwa siku nzima.

Sasa turudi mjini, kwetu sisi tunaonunua magazeti. Mtoto wetu hachoti maji mtoni. Anachukuliwa mlangoni na gari la shule kabla ya jua kuchomoza. Anakaa darasani, anarudi kwa gari, anakwenda tuisheni, na usiku anakaa mbele ya televisheni au simu ya mama yake. Uwanja aliochezea baba yake rede na kombolela sasa una fremu za maduka. Mtoto wa kijijini ana kazi bila mchezo, na wa mjini hana kazi wala mchezo. Wote wawili dawa yao ni moja: kipindi kile kilichoandikwa kwenye ratiba.

Ndugu wasikilizaji, linalowatia hofu wazazi wengi ni mtihani. Wanasema michezo haiulizwi katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, hivyo kila dakika ya michezo ni dakika iliyotolewa kwenye masomo. Hebu tuone waliolijaribu jambo hilo waliona nini.

Mwaka 1970, katika mji wa Trois-Rivières nchini Kanada, ulianza uchunguzi uliohusisha wanafunzi 546 wa shule ya msingi. Kundi moja liliongezewa saa tano za mazoezi kwa wiki, tena kwa kupunguza muda wa masomo ya darasani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kwa hesabu za hofu yetu, watoto wale wangeanguka. Hawakuanguka. Baada ya mwaka wa kwanza, alama zao zilikuwa sawa na za wenzao au zaidi.

Mwaka 2009, Profesa Charles Hillman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwapima watoto 20 wenye umri wa miaka tisa hivi. Siku moja waliwapima baada ya kukaa kimya, na siku nyingine baada ya kutembea kwa dakika 20 tu. Baada ya kutembea, watoto walikuwa makini zaidi na walielewa vizuri zaidi walichokisoma. Ni kundi dogo, lakini mwalimu yeyote aliyewahi kufundisha saa nane mchana anajua maana yake. Mtoto aliyekaa kwenye dawati kwa saa tano anakutazama lakini hakusikii.

Sisi Watanzania hatukuhitaji kufundishwa hayo na wageni. Wengi wenu mnakumbuka mchakamchaka wa alfajiri, na nyimbo zake, kabla ya kengele ya darasa. Hata jina la UMITASHUMTA linasema wazi: ni Umoja wa Michezo na Taaluma kwa Shule za Msingi Tanzania. Waliolitunga waliweka michezo na taaluma katika chungu kimoja. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA yalisimamishwa, na wapo waliofurahi wakidhani sasa watoto watasoma. Miaka michache baadaye yakarudishwa.

Kurudishwa kwake ni jambo jema, lakini mashindano si badala ya somo. Katika shule ya watoto 800, watakaochaguliwa kwenda wilayani ni wachache, na waliobaki kazi yao ni kupiga makofi. Nchi yetu ilimtoa Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974. Tunajivunia. Lakini somo la michezo halikuwekwa kwa ajili ya Bayi peke yake. Limewekwa pia kwa yule mtoto mnene anayeona haya kukimbia, na kwa mtoto mlemavu ambaye daima huambiwa akae alinde nguo za wenzake.

Kwenye karatasi tuko vizuri. Mtaala wa mwaka 2005 ulikuwa na somo la Haiba na Michezo. Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 una somo la Sanaa na Michezo. Tuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, na tuna Chuo cha Ualimu Butimba, vyote mkoani Mwanza. Kinachopungua ni heshima ya kipindi chenyewe.

Basi tufanye nini? Mwalimu mkuu asikubali kipindi hicho kiazimwe, maana cha kuazima hicho hakirudi. Mdhibiti ubora akifika shuleni, asiishie kwenye madaftari, atoke nje atazame uwanja. Halmashauri zipime viwanja vya shule na kuvipatia hati kabla mwenye fedha hajaviona. Kamati za shule zishughulikie chakula cha mchana, kwa sababu mtoto mwenye njaa hawezi kukimbia wala kusoma. Vifaa visiwe kisingizio: rede inachezwa kwa mpira wa soksi kuukuu, na kamba ya katani haikosekani katika nchi ya mkonge kama Korogwe.

Nasi wazazi tuna sehemu yetu. Katika mkutano ujao wa shule, baada ya kuuliza matokeo ya Hisabati, anyanyuke mmoja wetu aulize: "Mwalimu, wiki hii watoto wetu wamecheza siku ngapi?" Swali hilo likiulizwa katika shule kumi, mwalimu mkuu wa shule ya kumi na moja ataanza kuandaa jibu.

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto asiyefundishwa leo kuutumia mwili wake, kesho tutamfundisha kumeza vidonge.