Mkanda wa Bega: Ununue Upi?

Leo tuzungumzie bega. Umeanguka na boda boda, ukafika hospitali, ukapigwa picha, na bega lililochomoka likarudishwa mahali pake. (Natumaini hukumwita mkandaji alivute nyumbani, mishipa ya fahamu hapo huumia upesi.) Sasa umesimama dukani na muuzaji amekutandazia mikanda ya kila bei. Ununue upi?

Muulize daktari kwanza: mkanda huu ni wa kazi gani? Kwa bega lililorudishwa, au mtulinga uliovunjika, mara nyingi kitambaa cha kawaida cha kuning'iniza mkono shingoni kinatosha. Hata leso iliyokunjwa pembetatu hufanya kazi hiyo. Ule mkanda wa kuzunguka mabega yote mawili kama namba 8 haujaonekana kuunga mtulinga vizuri kuliko kitambaa, na wengi hulalamika kwamba unawakata makwapani. Usiuze kuku kwa ajili yake. Nayo ile ya kubana, inayovaliwa kama nusu ya fulana, humfaa zaidi mchezaji anayerudi uwanjani baada ya kupona. Haishikilii mfupa uliovunjika.

Ujaribu ukiwa umevaa shati. Kiwiko kifike mwisho wa mfuko, kiganja kiwe juu kidogo kuliko kiwiko, na vidole vionekane. Sehemu ya shingoni iwe pana, na kama ni leso, fundo likae kando, si juu ya uti wa shingo. Vidole vikifa ganzi, vikiwa baridi au vikibadilika rangi, legeza. Visiporudi hali yake, nenda hospitali, hata ikiwa ni usiku.

Je, uvae kwa muda gani? Bega lililorudishwa huhitaji wiki 1 hadi 3 hivi, kama daktari atakavyokueleza. Wazee ndio hasa wanaoambiwa wasikawie nao. Wewe nyanya unayeuvaa hadi mwezi wa pili eti umeuzoea, bega litakakamaa hata kujifunga kitambaa cha kichwa kukushinde. Kunja na kunjua vidole, kifundo cha mkono na kiwiko kila siku, isipokuwa daktari amekukataza.

Kwapa lioshwe na likaushwe vizuri, kwa maana jasho huchubua ngozi. Na unapovaa shati, anza kuingiza mkono mgonjwa; unapolivua, mkono huo uwe wa mwisho kutoka.