Mpiga Picha wa Harusi: Tunamkodi kwa Kazi Ipi?

(Maelezo ya mhadhara kwa waumini wa misikiti ya Korogwe na Handeni)

 



Mwezi wa Shaaban, na tena baada ya Idd, misikiti yetu kuanzia Mombo mpaka Mkata huwa na akdi nyingi za ndoa. Miezi inayofuata ndipo maimamu na walimu wa madrasa tunapoitwa kusuluhisha, na katika tunayoletewa, ugomvi baina ya wenye harusi na mpiga picha si jambo geni tena. Tumeona vyema tuuzungumzie, kwani mwingi wake hautokani na hila ya mtu. Unatokana na dhana ambazo pande mbili zilikuja nazo kabla hata ya kuhesabiana fedha.

Hatukusudii kuufungua upya mjadala wa hukumu ya picha. Wanafunzi wa elimu wanafahamu kwamba Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliiona picha ya kamera kuwa ni kukizuia kivuli na si kuumba sanamu, na kwamba Sheikh Abdulaziz bin Baz (aliyefariki 1999) aliikataza isipokuwa panapokuwa na haja ya lazima. Mwenye kuifuata kauli hii ya pili, suala hili kwake limekwisha, na wakwe zake wasimbeze. Lakini anayeifuata ile ya kwanza asidhani kuwa amepewa ruhusa isiyo na mipaka. Wanavyuoni walioruhusu picha hawakuruhusu kuoneshwa kwa asiye maharimu kile ambacho mwanamke ameamrishwa kukisitiri.

Dhana iliyo mama wa dhana nyingine zote ni kumhesabu mpiga picha kuwa mmoja wa waalikwa. "Ni kijana wetu wa Manundu, tutaelewana." Ndugu zetu, huyu katika fiqhi ni ajiri, na makubaliano naye ni mkataba wa ijara. Sharti la ijara ni kazi ijulikane na ujira ujulikane. Aya ya 282 ya Suratul-Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, imekuja kufundisha kuandikiana deni la muda; basi vipi tuone haya kumwandikisha kijana wa jirani karatasi moja?

Utazameni mfano huu. Bwana harusi ni wa Handeni, bibi harusi ni wa Korogwe, na baina ya miji hii miwili pana kilometa zipatazo 65. Wamekubaliana bei ya "harusi". Mpiga picha amekusudia akdi msikitini na chakula cha mchana. Wenye shughuli wamekusudia akdi, kumtoa bibi harusi kwao, safari ya kumpeleka Chanika, na walima wa kesho yake. Neno moja limebeba kazi nne, na kila upande umechukua maana inayoufaa. Nauli nani alipe? Usiku alale wapi? Picha za kusafishwa ni ngapi, albamu imo au haimo, video itatolewa lini? Yote haya yangeliandikwa kwa dakika kumi, na hapangekuwa na haja ya kumwita mwalimu.

Wengine huona ujira ni mkubwa kwa sababu wanaihesabu siku ile moja tu. Hawaioni kazi ya siku zinazofuata: kuchagua, kurekebisha mwanga, kuunganisha video, kwenda kusafisha. Kumpunja mtu kwa kazi ambayo hukuiona ni kumpunja vile vile.

Ama arubuni, wengi hudhani ni halali ya mpiga picha moja kwa moja harusi inapovunjika au kuahirishwa. Jamhuri ya wanavyuoni waliikataza arubuni ya namna hiyo, na Imamu Ahmad akairuhusu. Mwaka 1993 Baraza la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao chake cha Brunei, liliipitisha kwa sharti kwamba muda wa kungojea uwe umewekwa, na likaiingiza ijara katika hukumu hiyo. Kwa hiyo tarehe ya mwisho ya kuahirisha iandikwe. Bila ya hiyo, mmoja atasema amedhulumiwa na mwenzake atasema amekula haki yake.

Na kadi ya kumbukumbu ikiharibika, picha zote zikapotea? Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yaliyoenea huku kwetu, kauli yenye nguvu ni kuwa mkono wa ajiri ni mkono wa amana: hatozwi fidia ila akipuuza au akivuka mipaka. Abu Yusuf na Muhammad, wanafunzi wawili wa Imamu Abu Hanifa, walimtoza fidia isipokuwa kwa janga lisiloepukika. Lakini kuifuta harusi ya Jumamosi ili kadi itumike Jumapili kabla picha hazijahamishwa, hiyo si ajali katika kauli yoyote. Huko ndiko kupuuza kwenyewe.

Wapo pia wanaoamini kwamba video ndiyo ushahidi wa ndoa. Ushahidi ni mashahidi wawili na cheti. Sheria ya Ndoa ya 1971 imetaka ndoa isajiliwe. Hata hivyo tunaona familia zikimlipa mpiga picha kabla ya kuuliza cheti kiko wapi.

Tuje sasa kwenye lililotufanya tusimame mbele yenu. Familia nyingi, kwa nia njema kabisa, husema: "Upande wa wanawake tumemweka dada apige, basi tumesalimika." Tunauliza: kadi ile inakwenda wapi baada ya hapo? Mara nyingi inapelekwa dukani mjini, ambako kijana wa kiume huifungua katika kompyuta, huipanua picha ya bibi harusi aliyepambwa bila ya mtandio, humsafisha uso, na huihifadhi humo pamoja na za harusi nyingine. Dada amepiga, na kaka ndiye anayetazama kwa siku tatu. Kisha picha moja nzuri huchaguliwa kuwa tangazo la biashara, na mume anaiona katika simu ya mtu stendi ya Segera. Ndoa ya wiki mbili inaanza na swali ambalo mke hana jawabu lake, naye hakutenda kosa lolote.

Kwa hiyo muulizeni mpiga picha, kabla ya bei, nani atarekebisha, nani atasafisha, na nakala zitafutwa lini. Muandikiane kwamba hakuna picha ya kutangazia biashara bila idhini ya mwenye sura yake. Kulipia picha hakumfungi mpiga picha mikono kwa jambo ambalo hamkulitaja. Na nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 2023, pamoja na Tume yake inayopokea malalamiko. Picha inayomtambulisha mtu imo katika taarifa hizo. Lakini malalamiko huja baada ya macho kuwa yamekwisha kuona.

Zimebaki simu za waalikwa, ambazo hazimo katika mkataba wa mpiga picha yeyote. Baadhi ya shughuli za wanawake za Mombasa na Zanzibar huzuia simu zisiingie ndani, na wala hakuna anayenuna. Huku kwetu mama wa bibi harusi ndiye mwenye amri ya chumba kile. Naamteue binti mmoja asimame mlangoni na kikapu, kabla somo hajaanza kumpamba mwari.

Wabillahi tawfiq.