Wageni wa Babeli Waliona Nini Nyumbani?

Masomo: Isaya 39:1-8, Marko 5:35-43

 

Tuanze na mfalme Hezekia. Aliugua karibu kufa, akalia mbele za Mungu, na Mungu akamwongezea miaka 15. Habari ya kupona kwake ikafika hata Babeli. Mfalme wa kule akatuma watu wenye barua na zawadi. Hezekia akafurahi sana. Akawafungulia nyumba ya hazina: fedha, dhahabu, manukato, mafuta mazuri, hata silaha. Hakubakiza kitu bila kuwaonyesha. Walipoondoka, nabii Isaya akaja kumwuliza watu hao walisema nini, walitoka wapi, na waliona nini nyumbani mwake. Hezekia akajibu kwamba wameona vyote. Ndipo nabii akamwambia kuwa siku inakuja ambapo vyote hivyo vitabebwa kwenda Babeli, na baadhi ya wana wake pia.

Wapendwa, tuangalie vizuri. Siku ile wageni hawakuiba kitu. Hawakuvunja mlango. Walifunguliwa, wakatazama, wakarudi kwao. Hezekia alidhani wamekuja kushangilia pamoja naye.

Sasa tunataka kuungama jambo mbele yenu, kwa sababu hatuwezi kuhubiri juu ya Hezekia na kujificha sisi wenyewe. Siku moja ya Mungu, dada mmoja alisimama kanisani akamshukuru Bwana aliyemponya ugonjwa ambao watu wetu huutaja kwa sauti ya chini. Tulilia pamoja naye, tukacheza. Mmoja wetu alikuwa ameshika simu, akamrekodi. Jioni tukaiweka video ile kwenye ukurasa wa kanisa wa Facebook, na chini yake jina lake na kartie anayokaa. Tulifanya hivyo ili Mungu apewe sifa. Lakini dada alikuwa amekubali kusema mbele yetu sisi ndugu zake. Hakuna aliyemwuliza juu ya ukurasa ule.

Baada ya majuma machache alikuja, macho chini. Familia ya kijana aliyetaka kumwoa ilikuwa imeiona video. Tuliifuta palepale, haikuchukua hata dakika moja. Naye akatuuliza, "Mmefuta kwenu. Na wale walioisha kuichukua?" Hatukuwa na jibu.

Ni swali hilo lililotufanya tuulize, tusome, tuwasumbue vijana wanaojua mambo ya mtandao. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Mnasikia siku hizi habari za akili bandia, ile vijana wanaiita IA. Ni mashine inayoandika, inayochora picha, inayosema kama mtu. Imejifunza kwa kusoma na kutazama mambo mengi mno ambayo watu wameyaweka kwenye intaneti. Kuna programu zinazopita kwenye kurasa usiku na mchana, moja baada ya nyingine, zikikusanya maneno, picha, na majina yaliyoandikwa chini ya picha. Hazibishi hodi. Jambo likiwa wazi kwa watu wote, wao wanahesabu kwamba mlango uko wazi.

Msidhani ni uvumi tu. Mwezi wa Septemba 2024, nchini Australia, Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, iliulizwa mbele ya kamati ya Seneti. Ikakubali kwamba maandishi na picha ambazo watu wazima waliziacha wazi kwa wote tangu mwaka 2007 zimetumika kufundisha akili yake bandia. Ilisema haichukui kutoka akaunti za watoto. Lakini ilipoulizwa juu ya picha za watoto ambazo wazazi wameziweka wazi kwenye akaunti zao wenyewe, ilikubali kwamba hizo zinachukuliwa. Kule Ulaya sheria imewapa watu nafasi ya kujaza fomu ya kukataa. Wale wa Australia hawakuwa na nafasi hiyo.

Mwaka uleule wa 2024, shirika la Human Rights Watch lilichunguza mkusanyo mmoja unaoitwa LAION-5B, wenye viungo vya picha zaidi ya bilioni 5, uliotumika kufundisha mashine za kuchora picha. Ndani yake lilikuta picha za watoto wa Brazil na wa Australia, na baadhi yao majina yao yakiwa pamoja na picha. Wazazi walikuwa wameziweka kwa furaha ya siku ya kuzaliwa au ya shule.

Na sauti pia. Mwaka 2023 watafiti wa Microsoft walionyesha mashine inayoweza kuiga sauti ya mtu baada ya kusikia sekunde 3 tu. Fikirini mama anapigiwa simu na sauti ya mwanawe aliye mbali, inalia, inaomba atumiwe pesa kwa simu usiku huu. Mama gani atakataa?

Hatusemi haya ili mtupe simu zenu. Ujumbe unaomwandikia dada yako peke yake kwa WhatsApp si sawa na jambo unaloliweka Facebook mbele ya ulimwengu mzima. Tunasema haya kwa sababu sisi Wapentekoste ni watu wa ushuhuda. Mungu akitenda, hatuwezi kunyamaza. Je, sasa tunyamaze?

Tumtazame Yesu nyumbani mwa Yairo. Kulikuwa na umati nje, watu wa kulia na wa kucheka. Binti wa miaka 12 amekufa. Yesu angeweza kumfufua mbele ya wote. Lakini aliwatoa watu nje. Aliingia na baba na mama wa mtoto, na wanafunzi watatu. Akamshika mkono, akamwinua. Kisha akawakataza sana wasilitangaze jambo lile, akaagiza mtoto apewe chakula. Yule mtoto angeishi miaka mingi katika mji ule. Yesu hakutaka awe kitu cha kutazamwa.

Na katika sura hiyohiyo, mtu aliyetolewa pepo huko Wagerasi aliambiwa aende kwake, awaambie jamaa zake mambo makuu Bwana aliyomtendea. Yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, kwa watu wake. Basi ushuhuda haukukatazwa. Lakini mwenye ushuhuda ni yule aliyetendewa. Sisi tuliokuwepo tumeaminiwa tu.

Wapendwa, kuna ndugu kati yetu waliokimbia vita, tuliowapokea kanisani. Tukipiga picha za uso wao tukigawa unga, na kuandika jina na kijiji walichotoka, tumemwambia nani mahali walipo? Kuna mtoto wa miaka miwili anayeoga kwenye beseni. Mama amecheka, ameiweka picha. Miaka 15 ijayo, yule mtoto atakuwa kijana. Hatuwezi kwenda Babeli kumrudishia picha ile.

Hezekia aliposikia neno la Isaya, alisema neno la Bwana ni jema, maana aliona kwamba amani itakuwapo katika siku zake. Hilo linatuumiza kulisoma. Mambo yale hayakumgusa yeye, yaligusa wanawe. Tusiwe wazazi wa namna hiyo, wala wachungaji wa namna hiyo.

Nchi yetu nayo ina Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, inayosema pia juu ya kulinda habari za mtu binafsi. Lakini kabla ya sheria kufika mlangoni, mikono yetu ndiyo inayoshika simu. Kwa hiyo sisi watumishi tumepatana haya. Hatutarekodi ushuhuda wa mtu kabla ya kumwuliza, na tutamwuliza pembeni baada ya ibada, si mbele ya watu ambapo hawezi kusema hapana. Hatutaandika ugonjwa wa mtu pamoja na jina lake, hata katika ombi la maombi. Ukurasa wa kanisa uko wazi kwa watu wote siku zote. Basi picha ya mtoto haitaingia pale bila wazazi kukubali. Mtu akituambia tuondoe, tutaondoa siku hiyohiyo, ingawa tunajua kwamba kuondoa hakurudishi kila kitu.

Na ninyi nyumbani, juma hili chukueni simu, mwombeni kijana awasaidie. Kwenye Facebook, kila jambo unaloweka lina alama inayoonyesha nani anaweza kuliona. Palipo na alama ya dunia, ni watu wote. Badilisha iwe marafiki. Kuna mahali pia pa kufunga mambo yote ya zamani kwa mara moja. Kwa mega kidogo tu, unaweza kufunga mlango uliokuwa wazi tangu miaka.

Yule dada bado anasali nasi. Alitusamehe, na ametukubalia kusimulia haya bila jina. Alisema hivi: ushuhuda wake ataendelea kuutoa, ila atachagua mwenyewe nani wa kumwambia.

Tuombe. Bwana, wewe unatujua tangu tumboni, na siri zetu ziko salama mkononi mwako. Utusamehe pale tulipofungua nyumba ya ndugu yetu kana kwamba ni yetu. Utupe furaha ya kukusifu na hekima ya kumlinda jirani. Uwafunike watoto wetu. Katika jina la Yesu, Amina.