Nani Aliyemleta Mwokozi Duniani?

Somo letu ni Injili ya Yohana, sura ya 20, mstari wa 1 hadi wa 18.

Mwaka wa 1983 Askofu Henry Okullu wa Dayosisi ya Maseno Kusini, hapa Kisumu, alimwekea mikono Lucia Okuthe, akawa mwanamke wa kwanza kuwa kasisi katika Kanisa la Anglikana nchini Kenya. Wengi walipinga. Na hoja za kupinga jambo hili twazijua sote: Paulo alimwandikia Timotheo hivi na hivi, Hawa ndiye aliyekosa kwanza, tena Kristo alikuwa mwanamume.

Hoja hizo zina umri mkubwa. Mwezi wa Mei 1851, kanisani katika mji wa Akron huko Marekani, zilijibiwa na mama mmoja aliyezaliwa mtumwa. Jina lake la utumwani lilikuwa Isabella. Tangu 1843 alijiita Sojourner Truth. Mwaka wa 1826 aliondoka kwa bwana wake akiwa amembeba mtoto mchanga, na baadaye akaenda mahakamani mpaka akarudishiwa mwanawe Peter, aliyekuwa ameuzwa mbali, Alabama.

Hakujua kusoma. Alisomewa Biblia, naye alipenda asomewe na watoto, kwa maana mtoto akiombwa kurudia mstari huurudia tu, lakini mtu mzima huongeza maelezo yake. (Sisi tuliopita vyuo vya theolojia, neno hili latuchoma kidogo.)

Basi kuhusu Hawa alisema hivi: ikiwa mwanamke mmoja aliweza kuupindua ulimwengu, wanawake wapewe nafasi wauweke sawa tena. Na kuhusu Yesu aliuliza amekuja duniani kwa njia gani. Kwa Mungu, na kwa mwanamke aliyemzaa. Mwanamume alikuwa na sehemu gani hapo? Gazeti moja lilichapisha hotuba hiyo mwezi uliofuata. Miaka 12 baadaye mtu mwingine akaiandika upya, akampa mama huyu lafudhi ya watumwa wa kusini, hali yeye alikulia New York akisema Kiholanzi. Hata maneno yake mwenyewe hakuachiwa! Alifariki Novemba 1883, miaka 100 kabla ya Lucia Okuthe kuwekewa mikono.

Sasa tumtazame Mariamu Magdalene, alfajiri, kungali giza. Nenda Dunga saa hiyo, mashua za omena zinaporudi. Ni nani wamesimama ufukoni na mabeseni yao, katika baridi? Ni akina mama. Mtu wa ziwa hili hashangai kusikia nani alitangulia kufika kaburini. Petro na mwenzake walikuja mbio, wakatazama, wakarudi nyumbani. Someni mstari wa 10. Mariamu alibaki akilia. Naye Bwana akamwita kwa jina, akamtuma kwa mitume. Hakumwambia atafute mwanamume wa kumpelekea habari hiyo.

Barua kwa Timotheo twaisoma, hatuikati kwa wembe. Lakini Paulo huyo huyo, katika Warumi 16, anamsifu Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, na wataalamu wengi huamini ndiye aliyeichukua barua ile mpaka Roma.

Mwaka wa 2021 Emily Onyango aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa Bondo, na mwaka huo huo Rose Okeno akawa askofu wa Butere. Hata hivyo, katika makanisa yetu ya kando ya ziwa, bado tunaona mtu akihama mstari ili asipokee kikombe kwa mkono wa mwanamke. Wakati mwingine ni mzee wa kanisa. Ndugu yetu, Jumapili hii baki katika mstari wako.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemwita Mariamu bustanini, uwalinde akina mama watakaokuwa ufukoni kabla ya mapambazuko, uwatie nguvu makasisi wanawake, na umsaidie yeye anayesitasita mbele ya kikombe chako. Amina.